Baba na baba mdogo wanagawana aspirini

Shikamoo daktari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, lakini kwetu ni Ujiji na wazazi wangu bado wanaishi hukohuko. Nyumbani kumezuka mvutano juu ya dawa, na kila mtu ananitazama mimi kwa kuwa ndiye niliyesoma.

Baba ana miaka 71, mstaafu wa reli. Ana presha ya muda mrefu na magoti yanamsumbua. Hajawahi kuugua moyo wala kupooza. Mdogo wake, baba mdogo, ana miaka 63 na anafanya biashara ya dagaa pale Kibirizi. Yeye mwaka jana alishikwa na maumivu makali ya kifua, ikabidi apelekwe Dar es Salaam, akazibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa kile kijibomba wanachokiita stenti. Alirudi na dawa nyingi, mojawapo aspirini ya miligramu 75, akaambiwa hiyo ni ya maisha.

Baada ya hapo rafiki wa baba, waliyefanya naye kazi stesheni, alianguka akitoka swala ya alasiri, akafariki kabla hajafikishwa hospitali. Watu wakasema ni moyo. Baba aliingiwa na hofu kubwa. Akaanza kuchukua vidonge kwenye pakiti ya baba mdogo, na vikiisha ananunua mwenyewe dukani, vile vikubwa vya miligramu 300, maana ndivyo anavyovikuta. Anasema, "Vimemwokoa mdogo wangu, mimi nasubiri nini?" Anameza kila usiku, hakosi. Dawa yake ya presha, amlodipini, anaimeza siku anazosikia kichwa kizito tu. Nilipokuwa likizo nilimpima kwa mashine ya jirani, ikasoma 178 kwa 102.

Sasa baba mdogo naye ametumiwa ujumbe kwenye simu unaosema Wazungu wenyewe wameikataa aspirini, kwamba inatoboa matumbo na Marekani wamewapiga marufuku wazee kuitumia. Ameiacha. Baba anamwambia anajiua, yeye anamjibu baba kwamba anayejiua ni baba. Mama ananipigia simu kila jioni. Nilikuwa nimeamua nikifika Ujiji nikusanye aspirini zote nizitupe chooni, yaishe, lakini nikaona nikuulize kwanza.

Jambo jingine, sijui kama linahusika. Baba analalamika tumbo kuwaka moto, na mama anasema choo chake tangu juzi ni cheusi sana. Mwenyewe anasema ni kisamvu. Pia anasikia kizunguzungu akiinuka kutoka kwenye sijida. Magoti anayatuliza kwa diklofenaki.

Mwalimu, Kasulu

*

Marahaba, mwanangu.

Uliloliandika mwisho ndilo nililolishughulikia kwanza. Wewe unajua kwamba sikungoja siku ya safu hii; nilikupigia simu jioni ileile nikakuambia mzee afikishwe hospitali ya mkoa kabla hakujakucha. Nashukuru mlinisikiliza, na nashukuru kwamba ameongezewa damu na anaendelea kupata nguvu. Haya mengine nayaandika hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu najua nyumba nyingi Kigoma na kwingineko ambako pakiti moja ya aspirini inapita mkono hadi mkono.

Kisamvu hakileti choo cheusi tii, kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kukifanya choo kiwe cheusi, lakini baba hakuwa akivitumia. Choo cha namna hiyo kwa mtu anayemeza aspirini ni damu iliyovuja tumboni ikashuka kwenye utumbo na kubadilika rangi njiani. Ikiandamana na kizunguzungu mtu anapoinuka, basi damu iliyopotea si ya kupuuza. Mtu wa namna hiyo haendi duka la dawa, wala hasubiri Jumatatu. Anapelekwa hospitali yenye damu ya kuongezea, na pakiti za dawa zote anazotumia zinabebwa pamoja naye.

Sasa nieleze kwa nini dawa iliyomfaa mdogo mtu imemwangusha kaka mtu.

Ndani ya damu kuna chembe ndogo zinazoitwa chembe sahani. Ukijikata na kisu, ndizo zinazokimbilia penye jeraha na kushikamana hadi damu ikome. Aspirini inazima kimeng'enya kinachozisaidia kushikamana, na chembe iliyokwisha kuzimwa haifanyi kazi tena mpaka ife, yaani siku 7 hadi 10. Ndiyo maana miligramu 75 kwa siku zinatosha. Baba alipomeza 300 hakuwa akijikinga mara nne zaidi. Alikuwa akiongeza madhara. Kwa sababu kimeng'enya hichohicho ndicho kinacholisaidia tumbo kujitengenezea ute wa kulikinga na asidi. Kwa hiyo kidonge kimoja kinalivua tumbo kinga yake, kisha kidonda kikitokea kinaichelewesha damu kukoma. Hata vile vidonge vyenye ganda la kuyeyukia utumboni haviondoi hatari hiyo, wala kumeza baada ya kula hakuiondoi, kwa kuwa dawa inafanya kazi ikishaingia kwenye damu.

Baba mdogo amekwisha kuugua. Kwa kawaida mshtuko wa moyo huanza pale mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa yanapopasuka. Chembe sahani hukimbilia hapo, donge la damu linajengeka, njia inaziba, na sehemu ya moyo inakosa hewa safi. Mtu aliyepatwa na hilo mara moja yuko katika hatari kubwa ya kupatwa tena, na aliyewekewa stenti ana kitu cha chuma ndani ya mshipa ambacho damu inaweza kuganda juu yake. Kwake yeye faida ya aspirini imethibitishwa kwa miaka mingi. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa ISIS-2, wa wagonjwa 17,187 waliofikishwa hospitali wakishukiwa kuwa na mshtuko wa moyo. Waliopewa aspirini kwa mwezi mmoja walipunguziwa vifo vya moyo na mishipa kwa zaidi ya moja ya tano. Na kwa watu waliokwisha kupona mshtuko au kiharusi cha kuziba, aspirini ya kila siku hupunguza matukio mapya kwa takriban moja ya tano vilevile.

Kwa hiyo baba mdogo amefanya kosa la hatari, na namwomba kwa heshima zote airudie aspirini yake ya miligramu 75 leo, bila kumeza mbili kufidia alizoruka, kisha awapigie wanaomhudumia awaambie ukweli kwamba aliacha na kwa muda gani. Mwulize pia kama ameacha klopidogreli, dawa nyingine inayozuia chembe sahani kushikamana. Mtu aliyewekewa stenti baada ya mshtuko wa moyo kwa kawaida hupewa dawa hizo mbili pamoja kwa karibu mwaka mzima, kisha hubaki na moja. Kuziacha mapema, hasa miezi ya mwanzo, kunaweza kuiziba stenti ghafla, na hilo linaweza kuua. Akiwa na choo cheusi au anatapika damu, hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo. Ila uamuzi wa kuacha ni wa daktari wake wa moyo. Hautoki kwenye simu ya jirani.

Ule ujumbe alioupokea una kweli ndani yake, na ndiyo maana unaumiza. Marekani hawajaipiga marufuku aspirini. Lililotokea ni kwamba mwaka 2022 jopo la wataalamu linaloshauri nchi hiyo juu ya kinga za magonjwa lilisema watu wa miaka 60 na kuendelea ambao hawajawahi kuugua moyo wala kiharusi wasianzishiwe aspirini kwa ajili ya kujikinga, na wenye miaka 40 hadi 59 waamue na daktari baada ya kupimwa hatari waliyonayo. Aliyeusambaza ujumbe ameyaacha maneno "ambao hawajawahi kuugua". Kwa kuyaacha hayo, onyo lililomhusu baba yako limemfikia baba mdogo.

Baba naye nisingependa alaumiwe nyumbani. Fikra aliyokuwa nayo ilikuwa ya madaktari wengi kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utafiti wa madaktari wanaume 22,071 wa Marekani, waliokuwa wakimeza aspirini siku moja na kuruka moja, ulionyesha mishtuko ya moyo ikipungua kwa asilimia 44. Habari hiyo ilienea dunia nzima, na wazee wetu wengi walishauriwa kwa nia njema na watu wenye elimu. Lakini wakati huo dawa za kundi la statini, zinazoshusha lehemu, yaani kolesteroli, ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia sokoni. Watu wenye presha na lehemu walipoanza kutibiwa vizuri zaidi, faida ya kuongeza aspirini juu yake ikawa ndogo, na damu ikaendelea kuvuja vilevile.

Utafiti unaomgusa baba moja kwa moja ni ule ulioitwa ASPREE, uliotolewa mwaka 2018. Ulihusisha wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, wote wakiwa hawajaugua moyo. Nusu walimeza miligramu 100 za aspirini kila siku, nusu walimeza kidonge kisicho na dawa, na walifuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Magonjwa ya moyo na mishipa hayakupungua kwa kiasi cha kutegemea. Kuvuja damu kwa hatari kulitokea kwa watu 38 kati ya kila 1,000 waliomeza aspirini, na 28 kati ya kila 1,000 ambao hawakuimeza. Hao walikuwa wazee waliochaguliwa wakiwa na afya nzuri, wanaoonwa na daktari mara kwa mara, na dozi yao ilikuwa theluthi ya ile ya baba.

Mzee wetu wa Ujiji alikuwa na zaidi ya hapo. Alikuwa na diklofenaki, ambayo nayo inachubua tumbo, na zikikutana na aspirini hatari inaongezeka sana. Huenda pia ana yule bakteria wa vidonda vya tumbo, ambaye wengi wetu tunaye bila kujua. Ombeni apimwe kabla hajaruhusiwa, kwa kuwa anatibika. Zaidi ya yote alikuwa na presha ya 178. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko tumbo. Presha ya kiwango hicho inaweza kupasua mshipa wa kichwani, na huku kwetu Afrika viharusi vya kuvuja damu ni sehemu kubwa zaidi ya viharusi vyote kuliko ilivyo Ulaya. Ukimpa mtu wa namna hiyo aspirini kila usiku, mshipa ukipasuka damu itachelewa kukoma, na kichwani hakuna mahali pa damu kwenda.

Mwanangu, tazama alichokuwa akifanya. Dawa asiyoihitaji aliimeza kila usiku bila kukosa, na ile ambayo kweli ingemkinga na kifo cha rafiki yake aliimeza kichwa kikiwa kizito. Presha haina dalili ya kuaminika. Watu wanatembea na 180 wakijisikia vizuri kabisa, wanacheza bao, wanasafiri, mpaka siku inapowaangusha. Kuishusha presha kwa pointi 10 tu za namba ya juu kunapunguza kiharusi kwa zaidi ya robo, na magonjwa ya moyo na mishipa kwa jumla kwa karibu moja ya tano. Hakuna aspirini inayoweza kumpa baba yako kinga ya namna hiyo. Akitoka hospitali, amlodipini au dawa yoyote ya presha watakayompangia aimeze kila siku, saa ileile aliyozoea kumeza aspirini. Mazoea mazuri anayo tayari. Yahamishieni kwenye dawa yake. Apimwe presha kila wiki mwanzoni, namba ziandikwe kwenye daftari, na daftari liende naye kliniki. Pimeni pia sukari na lehemu. Inawezekana akahitaji statini, na hiyo kwa mzee wa hatari kama yake ina hoja nzito kuliko aspirini.

Chumvi nayo. Mkoa wenye chumvi ya Uvinza na samaki wakavu hauwezi kukwepa mazungumzo haya. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ya kwenye mboga, ya kwenye mkate na ya kwenye samaki. Samaki wa chumvi aloweshwe na maji yamwagwe, na kichupa cha chumvi kiondoke mezani. Mawese sisemi yaachwe Kigoma, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayopandisha lehemu, basi yapimwe kwa kijiko.

Kwa magoti, diklofenaki iishe kabisa, maana hata bila aspirini inapandisha presha na kuutesa moyo. Mwulizeni daktari kuhusu parasetamoli kwa kipimo sahihi, dawa ya kupaka, na mazoezi ya kukaza misuli ya mapaja. Baba mdogo naye asikimbilie ibuprofeni akiumwa mgongo; inaweza kuizuia aspirini kufanya kazi yake kwenye chembe sahani.

Nina neno kwa wenzetu wanaouza kwenye maduka ya dawa muhimu. Mtu akiomba aspirini ya "kulinda moyo", muulize swali moja tu kabla hujapokea hela: umewahi kuugua moyo au kiharusi? Akisema hapana, mpeleke akapimwe presha.

Wasomaji wenye kisukari wataniuliza. Utafiti ulioitwa ASCEND, pia wa mwaka 2018, ulifuatilia watu 15,480 wenye kisukari kwa zaidi ya miaka saba. Waliopatwa na tukio kubwa la moyo na mishipa walikuwa asilimia 8.5 kwa waliomeza aspirini na 9.6 kwa ambao hawakumeza. Waliovuja damu kwa hatari walikuwa 4.1 dhidi ya 3.2. Kilichopatikana huku kimekaribia kuliwa kule. Kisukari peke yake si cheti cha aspirini. Kama unaimeza na hujawahi kuugua moyo, huna haja ya kushtuka usiku huu. Panga siku ukaongee na daktari wako, na kama una vidonda vya tumbo isiwe mwezi ujao. Mama mjamzito aliyepewa aspirini ndogo kliniki kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba asiiache kwa kusoma hapa, hiyo ni habari nyingine kabisa na ina sababu nzuri. Na mtoto mwenye homa asipewe aspirini, kwa kuwa inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo.

Kuna wakati mmoja ambapo hata mtu asiye mgonjwa wa moyo anaweza kupewa aspirini haraka: maumivu mazito ya kifua yanayobana, yanayopanda mkononi au kwenye taya, na jasho baridi. Hapo kidonge kimoja cha miligramu 300 hutafunwa, hakimezwi kizima, huku gari likitafutwa, isipokuwa kwa mtu mwenye mzio wa dawa hiyo au anayevuja damu. Baba yako kwa sasa yumo kwenye hao wasiopewa. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, usimpe aspirini hata kidogo, kwa sababu bila picha ya kichwa hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Andika saa dalili zilipoanza na umkimbize.

Uliuliza kwa namna fulani jinsi ya kusema na mzee. Usimwambie wewe. Si kwamba huna haki, ila baba wa miaka 71 aliyeogopa kifo hatapenda kusomeshwa na binti yake mbele ya mkewe. Baba mdogo aende wodini, akae kitandani kwa kaka yake, na daktari wa zamu awaelezee wote wawili kwa pamoja kwa nini mmoja ameze na mwingine asimeze. Wakisikia mdomo mmoja, ule ugomvi wa nani anajiua hautakuwa na mahali pa kushikia. Wewe kaa na mama. Yeye ndiye atakayekuwa akiangalia choo, chumvi na daftari la presha baada ya wewe kurudi Kasulu.

Usizitupe aspirini chooni. Zile za miligramu 300 zilizobaki na diklofenaki zirudishe famasi ya hospitali. Zile za 75 andika jina la baba mdogo juu ya pakiti kwa kalamu ya wino mzito, uzipeleke nyumbani kwake, na mhakikishe ana za kumtosha mpaka tarehe yake ya kliniki.